Ulinzi wa Matabaka katika Nyumba ya Mawe ya Lamu: Tathmini ya Huduma ya Kampuni Moja

Huduma ninayoitathmini hapa ni kifurushi cha ulinzi wa nyumba kinachouzwa na kampuni moja yenye ofisi Mombasa na wateja katika miji kadhaa ya pwani. Ndani yake mna kamera nne na mashine ya kurekodia, kengele ya hatari yenye vihisi vya milango na vya mwendo, taa za sola za nje, waya wa umeme wa kupitishwa juu ya ukuta, na mkataba wa kila mwezi ambao kwa huo kampuni huahidi kutuma askari wake mara kengele inapolia. Nyumba yangu iko Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, yenye paa la makuti juu kabisa, na imeshikana na nyumba za majirani pande mbili. Kampuni siitaji jina, kwa kuwa wenzake wanauza karibu kitu kile kile kwa maneno yale yale, na msomaji atanufaika zaidi akijua kifaa kipi kinafaa kuliko akijua ni nani aliyekileta.

Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka asilazimike kusoma hadi mwisho. Kengele inastahili fedha zake baada ya kurekebishwa. Kamera zinastahili kwa nusu. Waya wa umeme haufai katika mji wa kale na ni afadhali ukataliwe siku ya kwanza. Mkataba wa kila mwezi, kwa Lamu, ni ahadi isiyotekelezeka. Kizuizi kilicho bora kuliko vyote hakikuwamo kabisa katika kifurushi: kilifanywa na seremala na fundi wa kuchomelea wa papa hapa mjini, kwa gharama iliyo chini ya theluthi ya ile niliyoilipa kampuni.

Kabla ya kuingia katika kifaa kimoja kimoja, ni vyema nieleze kipimo ninachokitumia. Ulinzi wa matabaka, yaani vizuizi kadhaa vinavyofuatana, una kazi tatu tu, ambazo ni kumfanya mwizi aghairi, kumgundua akishaanza, na kumchelewesha akiwa kazini, na kila kifaa lazima kitambulike kinafanya ipi kati ya hizo. Jambo ambalo wauzaji wengi hulipita kimya ni mpangilio wake. Kugundua lazima kutangulie kuchelewesha. Mlango imara usio na kengele humpa mwizi usiku mzima wa kuushughulikia taratibu, na kengele inayolia baada ya mlango wa mwisho kuvunjwa ni mbiu ya mgambo iliyopigwa wakati jambo limekwisha. Kwa hiyo hesabu ni ya dakika: tangu kengele ilie mpaka mwizi afikie watu au mali, zitapita dakika ngapi, na katika dakika hizo nani ataweza kufika? Katika maswali yote niliyoulizwa na mpimaji wa kampuni, yakiwamo ya rangi ya kamera niipendayo, hilo halikuwamo.

Nyumba ya mawe ya Lamu tayari ni ulinzi wa matabaka, na mtu anayetaka kuiongezea kitu anapaswa kwanza kuisoma. Mtu akitoka njiani hukutana na daka lenye mabaraza pande zote mbili, mahali ambapo mgeni huketi na kusemeshwa bila ya kuingia ndani. Baada ya hapo kuna mlango wa mbao nzito wa mikono miwili, unaozunguka juu ya vipini vyake vilivyoingia katika kizingiti cha juu na cha chini, hivyo kwa nje hakuna bawaba ya kung'olewa. Ndani ya mlango njia hupinda, na aliyesimama nje haoni uani hata mlango ukiwa wazi. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba sauti ya barabarani hufika imedhoofika, na upande wa njiani madirisha ni machache na yako juu. Usiku mlango hufungwa kwa kia, yaani mti wa kukomea, kutoka ndani, na mchana, wenyewe wakitoka, hufungwa kwa riza, yaani mnyororo wa mlango, na kufuli kutoka nje. Sina shaka kwamba kwa mwizi anayekuja kwa miguu kutoka njiani, sakafu ya chini ya nyumba hizi ni ngumu kuliko nyumba nyingi za siku hizi zenye milango ya mbao laini na vitasa vya bei rahisi.

Udhaifu uko juu. Nyumba zimeshikana, mapaa yanapakana, na mahali pengine wikio huunganisha ghorofa ya nyumba moja na ya pili juu ya njia, hivyo mtu mwepesi aliyepata paa moja amepata mtaa mzima. Sakafu ya juu, iliyofunikwa kwa makuti ili upepo upite, haina ukuta wa kweli wala dirisha la kufunga, na kutoka hapo ngazi hushuka moja kwa moja hadi vyumbani. Tukifikiri kama mwizi, hatuna haja ya kuugusa mlango wa nakshi. Kinachohitajika ni kufika juu, kushuka ngazi, kuchukua simu na kompyuta, kisha kufungua kia kutoka ndani na kutokea mlangoni kwa heshima zote.

Mpango wa kwanza wa kampuni, ulioletwa umechorwa vizuri kwenye karatasi, uliweka kamera tatu kati ya nne upande wa njiani, kihisi kimoja cha mwendo ukumbini chini, na sumaku, yaani vihisi vinavyojua mlango ukifunguliwa, kwenye mlango mkuu na dirisha moja. Juu hapakuwa na kitu isipokuwa waya wa umeme. Nadhani aliyechora mpango huo alikuwa na taswira ya nyumba ya Nyali au ya Malindi, iliyosimama peke yake katikati ya kiwanja chenye ukuta na lango la gari. Mafundi walipowasili, wakiwa wamevuka kwa boti kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, na mizigo yao kupakiwa punda gatini, walikuwa wastaarabu na wepesi wa kusikiliza, na hilo nalihesabu kwa upande wao: mpango ulichorwa upya pale pale juu ya meza ya chakula, na vifaa vingi vikahamishiwa sakafu ya juu.

Waya wa umeme ndio ulioleta mabishano marefu kuliko yote. Mashine yake hutuma pigo fupi la umeme karibu kila sekunde, lenye volti elfu kadhaa lakini nguvu ndogo, ambalo humshtua mtu bila ya kumuua likiwa limefungwa kwa kufuata kanuni. Ni kifaa kizuri kwa sababu hufanya kazi mbili pamoja, ya kutisha na ya kugundua, maana waya ukikatwa au ukigusishwa na kitu mashine hupiga kelele. Tatizo ni mahali. Kwenye mapaa ya Lamu watu huanika nguo, watoto hukimbilia vishada, mafundi wa makuti hupita kutoka nyumba hadi nyumba, na ukuta mdogo wa paa langu ndio ukuta wa paa la jirani. Zaidi ya hayo, mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mabadiliko ya sura ya nje ya nyumba si jambo la mwenye nyumba na fundi wake peke yao. Wahusika wa hifadhi wana neno lao, na kwa maoni yangu wanastahili kuwa nalo. Hata tukiliacha hilo kando, hewa ya bahari huacha chumvi juu ya vishikizo vya plastiki vinavyobeba waya, chumvi hunyonya unyevu wa usiku, na umeme huanza kuvuja kidogo kidogo mpaka mashine ipige kelele bila ya mtu. Ndugu zangu wa Malindi wenye nyumba za viwanja, ambako ukuta ni wa mwenyewe na pengine tayari umepandwa vipande vya chupa, wanaweza kuufikiria waya huo, mradi wawe tayari kuviosha vishikizo kwa maji yasiyo ya chumvi na kuyakata matawi ya mbogenvilia yanayougusa. Mimi niliuondoa katika hesabu, na kampuni ikapunguza bei bila ya ubishi.

Kengele ndiyo sehemu ninayoisifu, ingawa ilianza vibaya. Mfumo wenyewe ni wa kawaida: kisanduku kikuu kilichofichwa ndani ya kabati, kibonyezo cha namba karibu na mlango, sumaku kwenye milango, vihisi vya mwendo, king'ora kimoja ndani na kimoja nje, na laini ya simu inayopiga namba zilizowekwa. Kihisi cha mwendo cha aina ya kawaida hakitoi miale yoyote. Hupokea joto tu, na hushtuka kinapoona kitu chenye joto tofauti na mandhari yake kikikatiza mbele yake. Kutokana na hilo kuna mambo mawili ambayo mnunuzi wa pwani anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto chini ya makuti hukaribia joto la ngozi ya binadamu, na tofauti inapopungua kihisi huwa kizito kuona. La pili ni paka. Lamu ni mji wa paka, na paka wa Lamu hajui mpaka wa paa. Kihisi kilichoandikwa kwamba hakishtuliwi na wanyama wadogo kinafanya hivyo kwa mnyama anayetembea sakafuni, si kwa anayeruka juu ya ukuta na kupita mbele ya kihisi kwa umbali wa mkono. Mjusi kafiri anayetembea juu ya kioo cha kihisi chenyewe naye huleta matatizo hayo hayo.

Matokeo yake yalikuwa kelele za bure usiku, na kelele za bure ndizo huua mfumo wa kengele kuliko kitu chochote, kwa kuwa jirani aliyeamshwa mara kadhaa kwa ajili ya paka hatainuka siku ya mwizi. Kampuni ilikubali kuviondoa vihisi vya juu na kuleta vya aina mbili kwa moja, ambavyo ni lazima viridhike kwa joto na pia kwa mawimbi ya redio yanayorudi kutoka kwenye kitu kinachotembea kabla ya kupiga kelele. Vilevile kihisi kikuu kiliondolewa chini ya makuti na kuwekwa ndani ya tundu la ngazi, nje ya mlango wake, kikielekea juu, mahali ambapo paka hana shughuli na mtu hana njia nyingine ya kupita. Tangu hapo kimetulia. Iwapo msomaji atachukua jambo moja tu kutoka katika sehemu hii, basi aweke kihisi penye njia nyembamba ya lazima, wala asikiweke penye uwanja mpana.

Betri ya kengele ni ya volti 12 na ampia-saa 7. Kisanduku na vihisi vyake vinatumia karibu miliampia 200, hivyo kwa hesabu ya karatasi umeme ukikatika inapaswa kubeba saa 35, na hata tukitoa theluthi kwa ajili ya uzee na joto, usiku mmoja unapita salama. Betri za aina hii hazipendi joto, na anayeziacha ndani ya kabati lisilopitisha hewa atazinunua tena mapema. Kuhusu laini ya simu, kuta nene za matumbawe hudhoofisha mtandao, na antena ndogo iliyokuja na kisanduku haikutosha mpaka ilipoongezewa waya na kupandishwa juu. Fundi alilijua hilo mwenyewe bila ya kuambiwa, na ni haki asifiwe.

Kamera zinahitaji maelezo ya namna nyingine, kwa sababu Lamu suala la kamera si la usalama tu bali ni la sitara. Nyumba hizi zilijengwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani, na wenye nyumba za juu kwa desturi hawachungulii kwa jirani. Kamera iliyowekwa juu ya paa huvunja makubaliano hayo mara moja, hata ikiwa mwenye nyumba hana nia mbaya. Siku mafundi walipokuwa wakiipandisha kamera ya kaskazini, bibi mmoja wa jirani aliita kutoka uani kwake, "Mwanangu, hiyo yaniona?" Fundi akamjibu kwa adabu, "Shikamoo bibi, naigeuza sasa hivi," na kweli akaigeuza. Nilimpelekea simu yangu aitazame picha mwenyewe mpaka akaridhika. Napendekeza kila mwenye nyumba afanye hivyo kabla ya kamera kufungwa kwa skrubu ya mwisho. Mashine nyingi za kurekodia huruhusu sehemu ya picha izibwe kwa rangi nyeusi, na sehemu hiyo hairekodiwi kabisa. Mafundi hawalitaji hilo mpaka waulizwe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mtu anayerekodi njia ya watu au ua wa mwenzake hana kinga ya kusema kwamba kamera ni yake na ukuta ni wake.

Kwa upande wa ufundi, kamera mbili zilizobaki juu, moja ikitazama mlango wa ngazi na nyingine ukuta wa paa, zinafanya kazi ya maana. Zile mbili za njiani hazijanionyesha kitu isipokuwa punda, watoto wa madrasa na wapitaji. Muuzaji alidai kwamba diski ya terabaiti moja itatunza picha za mwezi mzima. Ukichukua kamera nne, kila moja ikitumia megabiti mbili kwa sekunde, zinajaza karibu gigabaiti 86 kwa siku, na diski hiyo hujaa katika siku kumi na moja hivi. Alichokuwa akihesabu ni kurekodi pale tu kitu kinapotembea, na chini ya paa la makuti katika msimu wa kusi kila kitu hutembea. Usiku buibui hutega mbele ya kamera, na utando mmoja mbele ya lenzi, ukimulikwa na miale ya kamera isiyoonekana kwa macho, hung'aa mpaka picha yote ikawa nyeupe. Ufagio wa mpini mrefu ni sehemu ya mfumo, ingawa haumo katika risiti.

Kuna jambo jingine la kamera ambalo halielezwi dukani. Kamera nne, mashine ya kurekodia na kisanduku cha intaneti kwa pamoja hutumia takriban wati 30. Betri ya ukubwa ule ule wa kengele ina wati-saa 84 tu, hivyo umeme ukikatika, kamera zitadumu chini ya saa tatu hata kwa hesabu ya ukarimu. Kengele itaendelea kukesha na kamera zitalala. Kwa sababu hiyo nazichukulia kamera kuwa chombo cha kusaidia kujua kilichotokea, na kamwe sizihesabu kuwa tabaka la kuzuia.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo haikuwamo katika kifurushi. Juu ya ngazi, mahali ambapo sakafu ya makuti inakutana na nyumba yenyewe, palikuwa na mlango mwepesi wa mbao za msonobari uliowekwa kwa ajili ya kuzuia mvua. Mlango huo ndio uliokuwa mpaka wa kweli kati ya mji na vyumba vya kulala, na kampuni iliutia sumaku ya kengele bila ya kusema lolote kuhusu mbao zake. Seremala wa mtaani, mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliupiga kidole mara moja na kusema, "Huu ni pazia, si mlango." Alitengeneza mwingine wa mbambakofi, ule mti mgumu ambao milango ya zamani ya mji huu ilifanywa nao, na mwimo wake akauingiza ndani ya ukuta. Kitasa ni cha kuzamishwa ndani ya ubao, chenye wenzo tano, na kipande cha chuma kinachopokea ulimi wa kitasa kimefungwa kwa skrubu ndefu zinazopita mwimo na kushika mbao ya nyuma yake. Watu hulipia kitasa cha bei kubwa kisha wakakifunga kwa skrubu fupi zilizokuja ndani ya boksi. Mlango ukipigwa teke, kitasa hubaki kizima na mwimo ndio unaopasuka.

Nyuma ya mlango huo fundi wa kuchomelea aliweka grili ya nondo. Hapa nilibishana naye kuhusu chuma, na ubishi wenyewe unafaa kusimuliwa kwa sababu kila mwenye nyumba ya pwani ataukuta. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi huanza kutoa kutu mahali pa kuchomelea, ambapo rangi haikukaa vizuri, na chumvi huendelea chini ya rangi bila ya kuonekana. Stenlesi ya bei ya chini, ya daraja la 304, nayo hupata madoa na vishimo karibu na bahari. Ya daraja la 316, iliyotiwa molibdenamu, huvumilia chumvi vizuri zaidi lakini bei yake hupanda sana. Tulikubaliana kwamba grili iwe ya chuma cha kawaida kilichozamishwa katika zinki, sehemu za kuchomelea zipakwe tena rangi yenye zinki, na sehemu ndogo zenye kusogea tu, yaani bawaba, komeo na pini zake, ziwe za 316. Kufuli ya nje ni ya shaba ya manjano yenye upinde wa stenlesi. Zile zenye mwili wa shaba na upinde wa chuma cha kawaida huonekana nzuri dukani, lakini upinde hushika kutu na kugandana na mwili wake.

Namna ya kuishikisha grili ukutani ilikuwa darasa jingine. Mafundi wa kampuni walizoea kutoboa zege na kutia vishikizo vya plastiki. Katika ukuta wa matumbawe na chokaa plastiki hiyo huzunguka tu ndani ya tundu, kwa sababu jiwe lina vinyweleo na hubomoka kingoni. Ndiyo sababu kimoja cha vihisi vyao kilianguka chenyewe. Fundi wa mtaa alichimba matundu marefu, akaingiza masikio ya grili yaliyopindwa mwishoni, na kuyajaza kwa chokaa na vipande vya mawe, akakataa katakata saruji tupu kwa kuwa saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta na baada ya muda jiwe la pembeni huanza kumomonyoka. Ilibidi kusubiri chokaa ikauke, na kusubiri huko ndiko kunakowashinda wengi.

Suala la moto lisipuuzwe. Makuti hushika moto haraka, na watu waliofungiwa ndani kwa grili yao wenyewe ni hatari kubwa kuliko mwizi. Komeo la grili yangu hufunguka kwa mkono kutoka ndani bila ya ufunguo, na limefunikwa kwa bamba la chuma ili mkono uliopenyezwa kutoka nje usilifikie. Kwa mlango mkuu kia kinatosha. Sitaki kitasa chochote ambacho mtoto hawezi kukifungua usiku kukiwa na moshi.

Kwa mpangilio huu hesabu ya dakika imekaa sawa. Kihisi cha nje ya mlango wa ngazi huiliza kengele kabla mtu hajaanza kushughulika na mbambakofi, sumaku huiliza mlango unapofunguka, na akiushinda mlango bado anayo grili mbele yake, huku king'ora kikiwa juu ya paa na nyumba zote za karibu zikisikia.

Taa za sola sina mengi ya kuzieleza. Ile ya dakani imesaidia watu kuona ngazi, ile ya juu humulika ukuta wa paa mtu anapokaribia, na zote mbili huhitaji kufutwa vumbi, chumvi na kinyesi cha ndege ili zipate chaji. Bei yake katika kifurushi ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya taa kama hizo katika maduka ya mtaa wa Langoni.

Mkataba wa kila mwezi ndio ulionifanya nicheke. Karatasi yake inaahidi kwamba kengele ikilia gari la dharura lenye askari litafika mara moja. Katika mji wa kale wa Lamu njia nyingi hazizidi upana wa punda mwenye mzigo, na gari hilo, hata likiwa Mokowe usiku huo, bado lina mkondo wa bahari mbele yake. Nilipouliza, niliambiwa kwamba maneno hayo ni ya kawaida katika mikataba yote na nisiyatilie maanani. Mtu hawezi kulipia kila mwezi maneno ambayo aliyeyaandika mwenyewe anakuomba usiyatilie maanani, kwa hiyo niliukataa mkataba huo. Badala yake laini ya simu imewekewa namba za majirani wawili, ya kijana wa familia anayelala nyumba ya tatu, na ya mlinzi wa usiku tunayemchangia nyumba kadhaa. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulindana, ulioletwa na serikali mwaka 2013 mtaani kwetu una uhai wa wastani, lakini watu wa barazani wanajuana kwa sura na kwa sauti, na mgeni anayezunguka bila ya shughuli husemeshwa. Anayetaka mlinzi kupitia kampuni akumbuke kwamba Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inataka mlinzi awe amesajiliwa, na ana haki ya kuomba kuonyeshwa usajili huo kabla ya kumkabidhi mtu mlango wake.

Wenye nyumba wasiokaa Lamu, ambao si wachache, wako katika hali tofauti kidogo. Kwao simu ikilia Nairobi au Ulaya hakuna wanachoweza kufanya wenyewe, na kamera huwapa utulivu wa moyo kuliko usalama. Ningewashauri wamlipe vizuri mtunza nyumba na walale kwa amani, kisha wamwachie yeye namba ya siri yake pekee katika kengele, kwa kuwa kisanduku huandika ni namba ipi iliyofungua na saa ngapi, na kumbukumbu hiyo humlinda mtunza nyumba mwaminifu dhidi ya dhana kama inavyomlinda mwenye mali.

Kuhusu fedha, baada ya waya wa umeme kuondolewa nililipa kampuni shilingi laki moja na elfu themanini hivi, pamoja na usafirishaji na kazi. Zaidi ya nusu ilikwenda kwa kamera. Kama ningeagiza leo, ningechukua kengele yenye vihisi vya aina mbili kwa moja, kamera mbili badala ya nne, betri kubwa zaidi kwa ajili ya hizo mbili, na salio lote lingekwenda kwa seremala na fundi wa chuma kabla boti ya kampuni haijatia nanga.

Udhamini ni wa mwaka mmoja na unahusu vifaa tu. Kihisi kilichoanguka kilibadilishwa bure, lakini nauli ya basi ya fundi kutoka Mombasa, boti na malazi yake nililetewa mimi katika ankara, na jumla yake ilizidi bei ya kihisi. Tulibishana kwa simu na hatimaye tukagawana. Mteja wa kisiwani aandikishe ndani ya mkataba, kabla ya kutoa malipo ya awali, ni nani atakayelipa nauli ya fundi anaporudi, na pia adai kwamba namba kuu ya siri ya kisanduku aachiwe yeye mwenyewe, ili siku kampuni ikichelewa fundi wa umeme wa hapa Lamu aweze kukifungua na kukirekebisha.